Waliokuja Kusaidia Wakabaki Katavi

Tarehe 13 Desemba 1910, kusini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania palipigwa na tetemeko ambalo wataalamu wanalikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kutokea Afrika katika karne ya 20. Kitovu kilikuwa upande wa Rukwa. Mpanda haukuwa mji bado, na Kashaulili, kata iliyo leo ndani ya Manispaa ya Mpanda, ilikuwa miaka mingi mbele. Kamati ya maafa haikuwapo, wala turubai za msaada. Kulikuwa na misheni ya Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na pale misheni palikuwa na daktari aliyekwisha kukaa zaidi ya miaka 20.

Huyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha udaktari vijana wa aina hiyo huko Malta na kuwatuma Afrika ya kati. Atiman alihitimu, akavuka bahari hadi pwani yetu, akaungana na msafara wa miguu kwenda bara. Kituo alichofikia kilianzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na wamisionari walikabidhiwa mwaka 1885.

Kwa kipimo cha leo tungemwita mfanyakazi wa kujitolea. Hakuwa padri. Alikuwa mlei, katekista na tabibu kwa pamoja: asubuhi vidonda na homa, jioni katekisimu. Alioa huko huko Karema, mwanawe Joseph akawa padri, na Atiman mwenyewe hakuhama tena hadi alipofariki mwaka 1956. Alitibu kwa alichofundishwa Malta, na alijifunza pia dawa za miti za wenyeji. Ukitafuta mzizi wa huduma ya dharura ya kanisa katika Mkoa wa Katavi, anza hapo, kwa mtu aliyemjua mgonjwa wake, mama wa mgonjwa na njia ya kufika kwao.

Mpanda wenyewe ulikua kwa madini ya risasi na kwa reli iliyotandazwa kutoka Kaliua kuelekea 1950. Mtihani mkubwa uliofuata haukutoka ardhini. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalisukuma makumi ya maelfu ya watu kuingia Tanzania. Makazi ya Katumba yakafunguliwa jirani na Mpanda, na mwaka 1978 Mishamo yakafuata. Serikali ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukaleta fedha, na kazi ya mikono ikashikwa na TCRS, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Visima vilichimbwa, barabara zikakatwa porini, shule na zahanati zikajengwa. Familia zililima zenyewe, zikaacha kutegemea mgawo. Hili linastahili kusemwa kwa sauti, kwa kuwa misaada mingi duniani haifiki hapo.

Ardhi nayo haikutulia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo, Kalemie nchini Kongo, nyumba zilianguka na watu wakafa. Kisha Kagera, Jumamosi alasiri ya 10 Septemba 2016: ukubwa wa 5.9 tu, lakini watu 17 walipoteza maisha na zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa.

Idadi ya vifo haitokani na ukubwa wa tetemeko peke yake. Nyumba ya fito na udongo hucheza na kuyumba. Ya matofali mabichi yaliyounganishwa kwa tope hufunguka kwenye pembe, ukuta wa pembetatu unaobeba paa ukaangukia ndani. Kinachoishika nyumba kama hiyo ni lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, pamoja na kenchi zilizofungwa barabara kwenye ukuta.

Kwa hiyo kikundi cha parokia kinachotaka kuwahi maafa Kashaulili kina kazi sasa hivi, kabla nyufa hazijatokea. Jimbo Katoliki la Mpanda lipo tangu mwaka 2000, na jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wanajumuiya wanajua mjane yupi analala chini ya ukuta mbovu. Fundi mmoja anayejitolea, mchango wa nondo chache na mifuko ya saruji, na vijana wa kuchota maji na kuchanganya zege: wiki moja inatosha kuanza na nyumba ya kwanza.