Likizo ya dereva wa lori: Kusubiri mpakani siyo kupumzika nyumbani

DEREVA wa lori la masafa marefu huweza kukaa siku kadhaa mpakani akisubiri nyaraka za mzigo, huku akilala ndani ya gari. Siku hizo, hata kama gari limezimwa, haziwi likizo yake ya mwaka.

Tofauti hiyo ina uzito kwa dereva ambaye familia yake inaishi mbali na njia anazopita. Kata ya Kamunyonge, katika Manispaa ya Musoma mkoani Mara, iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Malori yanayobeba mizigo ya bandari kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma, au Rwanda kupitia Rusumo, hayafiki Musoma. Dereva mwenye makazi Kamunyonge hulazimika kuliacha lori na kupanda basi, na siku za njiani humpunguzia siku za kukaa na familia.

Haki zake zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004.

Mapumziko ya kazini

Kwa mujibu wa sheria hiyo, saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Pamoja na saa za ziada, mfanyakazi hapaswi kuzidisha saa 12 kwa siku. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau saa moja.

Kwa kawaida, mapumziko ya siku ni saa 12 mfululizo, na ya wiki ni saa 24. Kwa makubaliano ya maandishi, mapumziko ya wiki yanaweza kuunganishwa yakawa saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili.

Likizo ya mwaka

Likizo ya mwaka ni angalau siku 28 mfululizo zenye malipo, zikiwamo sikukuu zinazoangukia humo. Mwajiri ndiye hupanga wakati wake, lakini haipaswi kuchelewa zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kumalizika. Muda huo unaweza kufika miezi 12 endapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu.

Ruhusa fupi yenye malipo, aliyoiomba dereva mwenyewe, inaweza kupunguzwa katika siku hizo 28. Hivyo ni vyema kila ruhusa iandikwe na pande zote mbili zibaki na nakala.

Kikwazo kingine ni kipato. Madereva wengi hutegemea posho ya safari. Gari lisipotembea, posho haipo. Ndiyo maana wapo wanaoahirisha likizo mwaka hadi mwaka.

Mtoto, ugonjwa na msiba

Baba aliyepata mtoto anastahili angalau siku tatu zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kwa dereva aliyeko Tunduma, kupata habari mapema na kupata dereva wa kumpokea gari ndiko kunakoamua kama ataiwahi haki hiyo.

Zipo pia siku nne kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mwajiri haruhusiwi kuzihesabu siku hizo kuwa sehemu ya likizo ya mwaka.

Mkataba na madai

Sheria inataka mkataba uwe wa maandishi iwapo unaeleza kwamba mfanyakazi atafanya kazi nje ya Tanzania. Suala la mikataba lilikuwa miongoni mwa madai ya madereva waliogoma Aprili 2015.

Dereva aliyenyimwa likizo anaweza kuwasilisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kufanya hivyo ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, ila kwa kuachishwa kazi ni siku 30. Maombi ya likizo, majibu ya mwajiri na kumbukumbu za safari ndivyo vielelezo vyake. Maneno ya mdomo pekee ni vigumu kuyathibitisha.