Dhahabu ya Lupa na Njia ya Ndege ya Mbeya

Katika Nyanda za Juu Kusini, dhahabu na ndege viliijia Mbeya karibu kwa wakati mmoja. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ambayo uchimbaji wake ulianza miaka ya 1920, ilikuwa hasa ya mchangani, yaani iliyosombwa na maji hadi vijitoni, hivyo mchimbaji mdogo aliweza kuichekecha kwa karai. Na Uingereza ilipoacha mwaka 1931 kufungamanisha sarafu yake na madini hayo, bei ilipanda na wachimbaji wakamiminika. Mwaka 1932 kampuni ya ndege ya Imperial Airways ilianza safari za London hadi Cape Town, ambazo ndege zake zilitua Mbeya zikitoka Dodoma.

Dhahabu na ndege vingeweza kukutana hata katika kito. Kwa sonara, fundi wa vito ambaye ufundi wake mara nyingi hurithiwa katika familia, umbo la ndege halina ugumu mkubwa: bawa hukatwa kwenye bamba jembamba, kisha hulehemiwa. Lakini dhahabu nyingi ya Lupa iliuzwa nje ikiwa ghafi. Njia ya ndege nayo ilihama: kuanzia 1937 barua za masafa marefu zilihamia kwenye ndege za majini, zilizopita pwani badala ya Mbeya.