Kituo Kabla ya Daktari: Mgonjwa wa Kosele na Taarifa za Ubora

Watetezi wa uhuru wa mgonjwa hudai kwamba akipewa takwimu za ubora, atamkwepa tabibu hafifu na kumwendea aliye hodari. Dai hilo limeyumba hata penye takwimu tele. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilichapisha viwango vya vifo katika upasuaji wa moyo. Mwaka 1998 watafiti Schneider na Epstein walibaini kuwa asilimia 12 tu ya waliopasuliwa walikuwa na habari za chapisho hilo kabla ya upasuaji, na hawakufika asilimia 1 waliojua daraja halisi la daktari au hospitali yao na kusema kuwa liliathiri uchaguzi wao kwa kiasi cha wastani au kikubwa.

Makala haya yanashikilia kwamba katika Kosele, Kaunti ya Homa Bay, mgonjwa hapuuzi ubora. Taarifa rasmi ndizo zinazojibu swali asilouliza. Kwenye zahanati hachagui daktari: anahudumiwa na aliye zamu, mara nyingi muuguzi au afisa wa kliniki. Anachochagua ni mahali: zahanati ya jirani, duka la dawa, hospitali iliyoko Oyugis, au nauli ya kwenda Kisii au Kisumu. Huwauliza waliotangulia: Dawa zipo? Usiku kuna mtu? Siri yangu itatunzwa? Swali hilo la mwisho ni zito katika kaunti ambako utafiti wa kitaifa wa VVU, KENPHIA, wa 2018 ulikadiria maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 19.6.

Utafiti wa Leonard na wenzake (2002) katika vijiji vya Iringa, Tanzania, unaonyesha kuwa wagonjwa walipita vituo vya karibu wakafuata vile vyenye matabibu wajuzi na uchunguzi makini. Maneno ya majirani, basi, hubeba maarifa.

Hata hivyo, maneno hayo yana mpaka. Jirani huona rafu tupu na husikia kauli chafu. Hawezi kujua kama homa ya mtoto ilitambuliwa sawasawa. Hapo ndipo dola inapodaiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji wa huduma, zikiwemo za umma, haki ya ubora na ya taarifa zinazohitajika. Lakini rejista ya madaktari huthibitisha leseni, si umahiri wa kila siku. Nazo nyota 0 hadi 5 ambazo Tanzania ilianza kuvipa vituo mwaka 2015 hujumlisha mengi katika alama moja.

Inafaa taarifa zitolewe kwa kila huduma, kama vile uzazi na malaria ya watoto, na zifikishwe kwa Dholuo, lugha ya wenyeji, na wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru kaya. Asiye na nauli hana cha kuchagua. Kwake takwimu hizo zitafaa tu iwapo ataweza kuzitumia kuihoji kamati ya zahanati yake. Kwa hiyo kipimo cha taarifa bora si idadi ya wanaohama kituo pekee, bali pia makosa yanayorekebishwa kwa ajili ya wanaobaki.