Mwami Theresa Ntare: kutoka enzi ya Heru hadi Bungeni

Watoto wa Kasulu na Kibondo hufundishwa habari za Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck. Wanastahili kumjua pia mwanamke wa Buha aliyeketi Bungeni pamoja nao, Mwami Theresa Ntare wa Heru.

Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, haikuwa na mtawala mmoja. Heru, Luguru, Muhambwe na Buyungu kila moja ilikuwa na mwami wake. Waingereza walipoipokea Buha kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, waliwatumia mamwami hao hao kukusanya kodi na kuamua kesi barazani. Theresa Ntare alishika enzi ya Heru katika miaka ya 1940.

Wakati huo njia ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria ilikuwa nyembamba. Baraza lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945: Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Usiha. Wote wawili walikuwa machifu, na waliteuliwa na gavana.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulileta sura mpya. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwami Theresa akawa mwakilishi wa Kasulu katika Baraza hilo, lililokuja kuwa Bunge. Hata hivyo, si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au awe ameshika wadhifa unaotambuliwa. Mkulima wa milimani ambaye hakupata shule wala fedha hizo aliachwa nje. Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba mtawala wa kurithi alisimama na chama kilichodai kura kwa kila mtu mzima.

Uhuru ulipofika Desemba 9, 1961, Mwami Theresa alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mno Bungeni. Miaka miwili baadaye, Bunge hilo hilo lilipitisha sheria ya kufuta uchifu, na enzi ya Heru ikakoma kisheria.

Leo Muhambwe, kule Kibondo, na Buyungu, kule Kakonko, ni majina ya majimbo ya uchaguzi. Palipokuwa na mwami, sasa mkulima anachagua mbunge wake. Mwami Theresa aliziishi zama zote mbili, na shule za Kigoma zinapaswa kumfundisha.