Dadu nyumbani, bilyari kwenye kartie: mchezo wa bahati na mchezo wa mkono

Siku ya posho, kisha saa nane, katika kartie nyingi za Lubumbashi picha ni ile ile, ikuwe Katuba, Rwashi ao komini ya Kenya. Meza ya bilyari iko chini ya hema ao mabati, vijana wanne wako na fimbo mbili, na kandokando ya meza wamesimama watoto. Wengine hawajafikia hata urefu wa meza. Mmoja anashika jetoni za yaya wake, mwingine anatumwa kuleta maji, wa tatu anahesabu nani ameingiza mipira ngapi. Mtoto yule wa tatu, mara nyingi, hakosei hesabu.

Wazazi wakiona vile wanakasirika, na wako na haki nusu. Pembeni ya meza kunakuwa pombe, na chini ya meza kunapita franka. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mtoto inasema wazi kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18, kwa hiyo hata kijana wa miaka 16 mwenye ndevu bado ni mtoto. Lakini meza yenyewe, fimbo yenyewe, hazina ubaya. Tena watoto wanaenda pale kwa sababu nyumbani hakuna kitu cha kucheza, hasa wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, wakati uwanja ni matope na umeme imekatika.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Pale kwenye kartie mtoto anaona dadu zinarushwa na bilyari inachezwa, vyote kwa franka, na anafikiri ni kitu kimoja: leo nimepoteza, kesho nitazoea. Kwa bilyari ni kweli, mtu anazoea. Kwa dadu ni uongo. Mtu aliyerusha dadu miaka ishirini haiamrishi kuliko mtoto aliyeishika leo. Mtoto asiyejua tofauti hii njo anayeliwa franka za masomo.

Njo maana ni vizuri mtoto aanze na dadu nyumbani, mbele ya wazazi, bila franka.

Dadu, ambayo wengi mujini wanaita de kwa kufuata Kifaransa, haiombi kununuliwa. Lubumbashi imezungukwa na vichuguu vikubwa, na udongo wake ni ule ule watu wanaochomea matofali. Chukua kipande kidogo, kikande na maji mpaka kiwe laini, tengeneza mchemraba wa karibu sentimita mbili, pande zote sawasawa. Toboa alama kwa ncha ya musumari kabla udongo haujakauka. Kuna kanuni moja ya zamani: pande mbili zinazotazamana zinajumlishwa 7. Kwa hiyo 1 inatazamana na 6, 2 na 5, 3 na 4. Acha ikauke kivulini siku tatu ine, maana jua kali linaipasua. Kipande cha mti kikisuguliwa vizuri nacho kinafaa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe dadu peke yake, ataitia kinywani.

Kisha ipime. Rusha mara 60 na andika kila namba inayotoka. Kila upande unapaswa kutoka karibu mara 10. Ikiwa 8 ao 13 hakuna tatizo. Upande mmoja ukitoka mara 20 ao zaidi, dadu imepinda ao upande mmoja ni mzito. Watoto wanapenda kazi hii kuliko mchezo wenyewe, na wanajifunza kitu: dadu inaweza kudanganya, na daftari linaikamata.

Mchezo wa kwanza ni mbio ya namba, kwa watoto wa miaka sita na kuendelea. Chora chini njia kumi na moja kwa chaki ao makaa, ziandike 2 mpaka 12. Kila mtoto anachagua namba yake na kuweka kizibo cha chupa mwanzoni mwa njia. Dadu mbili zinarushwa, zinajumlishwa, na kizibo cha namba iliyotoka kinasogea hatua moja. Wa kwanza kufikisha hatua kumi ameshinda. Siku ya kwanza watoto wanagombania 12, kwa sababu ni kubwa. Siku ya pili hakuna anayeitaka. Siku ya tatu wote wanalia wapewe 7. Usiwaambie sababu, waache waitafute. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36: 7 inatoka kwa namna sita, 12 kwa namna moja tu (6 na 6), na 2 vilevile. Mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake hatalisahau hata mwalimu asipolifundisha.

Wa pili unafaa kuanzia miaka minane. Dunia nzima inauita kwa jina la nguruwe, basi hapa tuseme Ngulube. Dadu ni moja, wachezaji wawili ao zaidi, na wa kwanza kufika 100 anashinda. Kwa zamu yako unarusha mara nyingi unavyotaka, na kila namba inaongezeka mkononi. Lakini ikitoka 1, yote uliyokusanya katika zamu ile yamepotea na mwingine anachukua dadu. Ukisema «nimetosheka» kabla ya 1 kutoka, unaweka akiba na hakuna anayeigusa tena.

Mchezo huu ni mdogo sana na una akili nyingi. Namba nzuri ni tano, 2 mpaka 6, na zikijumlishwa zinatoa 20. Namba mbaya ni moja tu, na hiyo inachukua kile uko nacho mkononi. Kwa hiyo, ukiwa chini ya 20 mkononi, kurusha tena kunalipa. Ukipita 20, unaweza kupoteza zaidi ya kile unaweza kupata, simama. Mtoto mchoyo anasimama kwa 6, anayetaka yote hasimami. Wote wawili watashindwa na yule wa 20, si kila mara, lakini mara nyingi. Mpaka pale njo akili inafika. Namba itakayotoka, hakuna anayeitawala.

Ludo haihitaji maelezo, karibu kila nyumba inaijua. Ilitoka kwa mchezo wa kale wa India unaoitwa pachisi, ikaandikishwa Uingereza mwaka 1896. Na kisolo, ule wa mashimo na mbegu ambao wazee wa Katanga na Kasai wameucheza tangu zamani, hauna dadu kabisa: hapo ni hesabu tupu. Muzazi akiwa na babu anayeujua, amkalishe na watoto kabla hajaondoka nao.

Sasa mambo ya franka. Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka kumi na mbili hivi, aonyeshwe mitego miwili ya dadu, nyumbani, kwa mbegu za mahindi badala ya franka. Wa kwanza: mtu anasema, «Nitarusha mara ine, 6 ikitoka hata mara moja nimeshinda mimi, isipotoka umeshinda wewe.» Inaonekana sawa kwa sawa. Si sawa. Katika namna 1 296 ambazo dadu inaweza kuanguka mara ine, 6 inaonekana katika 671, na haionekani katika 625. Tofauti ni ndogo, lakini inamfuata mwenye dadu jioni nzima. Mashindano ya aina hii njo yalifanya Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waandikiane barua mwaka 1654 na kuanzisha hesabu ya bahati.

Mtego wa pili unajulikana kwenye masoko ya nchi nyingi. Dadu ni tatu, na unaweka franka juu ya namba moja. Namba yako ikitoka kwa dadu moja unapewa mara moja ya ulichoweka, kwa mbili mara mbili, kwa tatu mara tatu. Watu wanafikiri: dadu tatu, namba sita, basi niko na nusu ya bahati. Hapana. Kati ya namna 216, namba yako haionekani kabisa katika 125. Anayeweka franka 100 kwa kila namna ya zile 216 ameweka 21 600 kwa jumla, na 1 700 zinabaki kwa mwenye dadu, bila wizi wowote. Mtoto akiona mbegu zake zinahamia upande wa pili polepole, haombi maelezo mengine.

Bilyari ni habari nyingine. Pale mpira hauingii kwa sababu umeupiga vibaya, na kesho unaweza kuupiga vizuri. Tanzania na Uganda wako na ligi na mashindano ya mchezo huu, wao wanauita pool. Hata hivyo, Tanzania mwaka 2016 serikali ya Rais John Magufuli iliwakemea vijana wanaoshinda kwenye meza saa za kazi. Kwa hiyo mchezo ule ule unaweza kuwa michezo na unaweza kuwa uvivu, inategemea saa.

Kijana anayetaka kuendelea aanze na mwili, si na mpira. Wengi wanapiga wakiwa wamesimama nusu, kichwa juu, kama wanachungulia kisima. Inama mpaka kidevu kiwe karibu na fimbo, macho yafuate mstari wa fimbo. Mkono wa mbele ukae imara juu ya meza, sentimita 15 mpaka 20 kutoka mpira mweupe. Mkono wa nyuma ushike fimbo kwa vidole bila kuikaba, na kinachotembea ni kuanzia kiwiko kwenda chini, bega litulie. Fimbo iende sambamba na meza kadiri inavyowezekana, na ikishapiga iendelee mbele kidogo. Anayeinuka haraka ili aone kama umeingia amekwisha kuuharibu.

Zoezi la kwanza halihitaji hata mpira wa pili. Weka mpira mweupe katikati upande mmoja wa meza, upige moja kwa moja mpaka ukingo wa mbele, urudi na kugusa ncha ya fimbo yako. Ukirudi kushoto ao kulia, hukupiga katikati. Zoezi hili linachosha, na wanaolifanya kwa wiki mbili wanajulikana mara moja.

Halafu kulenga. Usitazame shimo tu. Fikiria mpira mwingine usioonekana umegusa ule unaotaka kuingiza, kwa nyuma, sawa na mstari wa shimo: mpira mweupe unapaswa kufika mahali pale. Kingo za meza nazo zina kanuni: mpira ukipigwa pole, bila kuzungushwa, unatoka kwa pembe karibu sawa na ile ulioingilia. Ukipigwa kwa nguvu, pembe inabadilika. Njo maana wapiga-nguvu wanalaumu meza.

Kinachotofautisha mchezaji wa kweli na wengine ni mahali mpira mweupe unasimama. Ukiupiga katikati yake na uko sawa na mpira wa mbele, bila kuviringika, unasimama palepale. Ukiupiga chini ya katikati unaweza kurudi, juu ya katikati unafuata. Kwa pembe, ukifika bila kuviringika, unatoka kwa mraba na njia ya mpira ule mwingine. Ukijua haya unaanza kupanga kinyume: mpira mweusi, namba 8, utaingia shimo gani, basi wa kabla yake uniache wapi, na wa kabla ya huyo? Tatu inatosha kwa kuanza. Weka mipira mitatu tu mezani na uimalize, mara kumi, uandike mara ngapi umefaulu. Asubuhi, kabla ya watu kujaa, wenye meza wengi hawakatai mtu anayelipa jetoni yake na kucheza peke yake.

Meza za kartie hazikukaa sawa, wala kitambaa si kipya. Kabla ya parti, viringisha mpira polepole kando ya kila ukingo uone unavutwa upande gani. Wakati wa mvua kitambaa kinashika unyevu na mpira unachoka mapema, wakati wa kiangazi vumbi la mujini linaukwaruza. Mwenyeji wa meza anajua haya yote na hatakuambia. Na kabla ya kupiga wa kwanza, mupatane kwa sauti, watu wakisikia: mpira mweupe ukiingia shimoni mwingine anapata nini, mweusi unatangazwa shimo ao hapana, na parti ni ya jetoni tu. Ugomvi mwingi kwenye meza unaanza kwa sababu kila mtu alikuja na kanuni za kartie yake.