Mgeni, Kahawa na Enanga

Zamani mgeni aliyeingia nyumba ya Mhaya aliketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, akaletewa kikapu kidogo chenye mfuniko. Humo mlikuwa na akamwani, yaani buni zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa zikakauka. Alichukua punje chache, akatafuna. Kahawa ya Uhaya ililiwa muda mrefu kabla ya kunywewa kikombeni.

Kama mwenye nyumba alikuwa mtu mzito na pombe ya ndizi ilikuwapo, ilifuata enanga. Ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu. Uzi mmoja huzungushwa kwenye meno ya ncha zake mbili, ukaenda ukarudi mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji huimba tendi kama za Rukiza na Kachwenyanja. Hizo si za kusikiliza ukiwa umesimama mlangoni. Mgeni hukaa, hula, na usiku humkuta hapo hapo.

Ukarimu wa namna hiyo ulikutwa pia na wageni wa mbali. Novemba 1861 wapelelezi Speke na Grant walifika katika ufalme jirani wa Karagwe, kwa mfalme Rumanika. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, lakini Grant alizuiwa na ugonjwa wa mguu hadi Aprili. Habari za muziki wa Karagwe zimo katika maandishi ya safari hiyo, na nanga, yaani enanga, imetajwa humo kwa jina lake. Tusidhani, hata hivyo, kwamba ukarimu ule ulikuwa hisani tupu. Rumanika alikuwa na ugomvi wa kiti na ndugu yake Rogero, na alitaka wageni wenye bunduki wawe upande wake. Ngoma, pombe na nyama vilikuwa pia siasa.

Kisha wakaja wageni wasioondoka. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Miaka miwili baadaye Mapadre Weupe wakaweka misheni Kashozi. Rubya, katika ufalme wa Kihaya wa Ihangiro, ikapata seminari, na vijana wa Kihaya wakajifunza kuimba Kilatini. Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza, alisoma hapo. Ngoma ilisubiri nje ya kanisa mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ulipolegeza mambo.

Pigo kubwa kwa wapiga enanga, kwa maoni yangu, halikutoka kanisani. Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, ikulu za Abakama, wafalme wa Kihaya, zilizowalisha zikanyamaza. Wakahamia arusini na vilabuni. Mpiga enanga Habibu Selemani aliendelea kuvuma, na mtaalamu wa fasihi Profesa Mulokozi akazirekodi na kuzichambua tendi hizo, akajibu wataalamu waliodai Afrika haina utendi.

Mwaka 2001 mwimbaji wa Kihaya Saida Karoli akatoka na wimbo Maria Salome. Nchi nzima ikacheza Kihaya bila kukielewa, na 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauvuta wimbo huo katika Salome. Lakini utendi wa enanga hauingii kwenye dakika chache za redio. Anayeutaka sharti bado aende akakae, na mwenyeji wake aanze mapema kumtafuta mpigaji, maana waliobaki ni wachache na wengi ni wazee.