Muhogo wa Lindi na seli zinazojiua

Wadau, nilipokuwa Kilwa Masoko mama mmoja alinionyesha shamba lake la muhogo. Majani mazuri tu. Akang'oa shina moja, akakata muhogo: ndani madoa makavu ya kahawia, haufai kuliwa. "Mwanangu, nimekosea wapi?" Nikaahidi kuandika.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Aliyeueleza kwanza kitaalamu ni Storey, mtafiti wa Amani kule Tanga, mwaka 1936. Unaletwa na virusi, vinavyosambazwa na nzi weupe na pia pingili tunazopeana kama mbegu.

Yale madoa ni seli zilizokufa. Lakini kumbe kufa kwa seli si lazima kuwe kubaya! Mmea hauna chembe nyeupe za damu za kuzunguka mwilini kama sisi, kila seli inajilinda yenyewe. Ndani yake kuna protini zinazoitwa vipokezi, ambazo ni kama walinzi. Kipokezi kikimtambua adui, seli inajiua, na kirusi kinakwama hapo hapo kwa sababu hakizaliani nje ya seli hai. Wachache wanakufa, mmea unapona.

Mfano ni tumbaku. Jini la kipokezi chake kiitwacho N lilipatikana mwaka 1994. Kirusi cha batobato ya tumbaku kikiingia, jani linatoa vidoa vidogo vikavu, mchezo umekwisha. Ila joto likipita nyuzi 28 hivi, kinga hiyo inalegea.

Seli inajiuaje? Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha umbo la kipokezi kingine, ZAR1. Vitano vinashikana kama gurudumu, vinatoboa utando wa seli, kalsiamu inamiminika ndani, seli kwisha.

Sasa kwa muhogo wa yule mama, madoa yanatokea kirusi kikiwa kimeshaenea mmea mzima. Kifo cha seli kikiwahi ni kinga, kikichelewa ni hasara tupu.

Dawa ya kupuliza ikaua kirusi hakuna. Kwa hiyo usichukue pingili kwa kuangalia majani peke yake. Chimba kwanza, kata muhogo uone ndani, ndipo uchukue mbegu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeshughulikia mbegu zinazostahimili, ulizieni kwa bwana shamba.

Mwenye swali aliweke hapo chini, tutajibizana.